Nyumba Zilizosoma Sifuri

Asubuhi mwanagenzi alipofika ofisini alifanya kama afanyavyo siku zote. Alifuta vumbi kwenye kompyuta kwa upindo wa kitambaa, akaweka mkoba chini ya meza mahali ambapo mguu wake ungeugusa, akakaa kwenye kiti chenye mkono mmoja. Meza yake ilikuwa jirani na lile dumu kubwa la maji ya kunywa, lenye bomba la moto na bomba la baridi, kwa hiyo kutwa nzima watu walikuja kusimama mgongoni kwake wakijaza vikombe na kusoma kioo cha kompyuta yake.

Hiyo ilikuwa idara ya takwimu ya shirika la maji. Mwanagenzi aliletwa hapo kujifunza kazi ya kuchambua data, na muda wake wa kujifunza ulikuwa ukiisha wiki hiyo. Baada ya chakula cha mchana kungekuwa na kikao cha wakubwa. Ramani aliyokuwa akiitengeneza ikitoka vizuri, angeajiriwa. Isipotoka vizuri, angepewa cheti na mkono wa kwaheri. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na bibi yake mzaa mama, na bibi alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mjukuu wake ni mtu wa shirika.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Wasoma mita hupita nyumba hadi nyumba, namba zao huingia kwenye jedwali, kila nyumba na mstari wake. Jedwali huja likiwa chafu. Nyumba moja imeandikwa mara mbili, nyingine imesomwa na mtu aliyeishika simu kichwa chini miguu juu. Mwanagenzi hulisafisha. Na kanuni ya kwanza ya usafi, iliyobandikwa ukutani juu ya swichi ya taa, ilisema hivi: mita iliyosoma sifuri ni nyumba tupu, na nyumba tupu hufutwa. Mtaa ukibaki bila sifuri hata moja, ramani huupaka rangi ya kijani, na kijani maana yake maji yanafika.

Kwamba mita inaweza kusoma sifuri kwa sababu bomba halijatoa tone tangu mvua za mwaka jana, hilo kanuni haikulitaja. Karatasi ilikuwa ndogo.

Mwanagenzi akafuta nyumba ya kwanza. Hata chai yake haijapoa, mlango wa lifti ukafunguka, akatoka baba mmoja mwenye povu la sabuni kwenye shavu la kushoto na wembe mkononi.

"Habari za kazi," akasema. "Mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Nikajikuta nje, mlango umefungwa, funguo inaingia lakini haizunguki. Jirani yangu ananisalimia kama mpita njia. Ananiambia hiyo nyumba haina mtu. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema nikaulize shirika la maji."

"Karibu," akasema dada wa mapokezi bila kuinua macho. "Wembe uache hapa. Andika jina, sehemu ya anwani iache wazi." Akampa kadi ya shingoni iliyoandikwa MGENI. Mwanagenzi naye alivaa kadi kama hiyo. Alipewa siku ya kwanza na hakubadilishiwa.

Wakafuata wasichana wawili, mmoja akimsuka mwenzake, wakatoka kwenye lifti ubavu kwa ubavu ili kitana kisidondoke. Akafuata fundi cherehani na uzi mdomoni. Akafuata mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelala, hakuona tofauti. Wote walisalimia, wote walipewa kadi, wote walikaa kwenye viti vilivyopangwa kando ya ukuta kuanzia mapokezi mpaka karibu na stoo. Wa tangu zamani, waliofutwa na wanagenzi wa miaka ya nyuma, waliwasogezea wapya nafasi na kuwaonyesha choo. Waliwaonyesha pia lile dumu. Mgeni akijaza kikombe mara ya kwanza alikuwa akiyatazama maji yanavyoshuka, kisha anakunywa, anajaza tena. Hapo ndipo mwanagenzi alipokuwa akihisi pumzi ya mtu kisogoni.

Hakugeuka kuwatazama. Roho yake ilikuwa juu juu tangu asubuhi. Mtaa wa kwao ulikuwa chini kabisa ya jedwali, na kila mstari aliofuta ulimsogeza huko. Alikwenda chooni bila haja. Alitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka. Namba ya mita ya kwao aliijua kama mtu anavyolijua kovu lake, na alipoiona ikipanda kutoka chini ya kioo, akakiondoa kidole kwenye kibonyezo cha kufuta. Mbele yake palikuwa na sifuri, ya duara nzuri, iliyosomwa vizuri kabisa.

Akairuka. Akafuta ya jirani wa mbele na ya jirani wa nyuma. Ramani nzima ikawa kijani isipokuwa kipande kimoja chekundu, kama donda.

Msimamizi wake alikuja kuchota maji. Walimwita Bwana Wastani, kwa kuwa hakuwa mrefu wala mfupi, hakucheka sana wala hakununa, na chai yake aliinywa vuguvugu.

"Mtaa huo mbona bado mwekundu?"

"Imebaki sifuri moja, bosi."

"Naiona. Inasubiri nini, posa?"

"Nyumba hiyo ina watu."

"Kila nyumba ina watu, mdogo wangu. Sisi tunaongelea mita."

"Ni kwetu. Yumo bibi yangu."

Bwana Wastani akapiga funda. "Kumbe! Basi atakuja, tutamwona. Viti vipo bado, kule karibu na stoo."

"Nisiandike moja?" mwanagenzi akasema. "Moja tu, bosi. Nani ataona?"

Bwana Wastani akaweka kikombe chini. "Sikiliza, binti. Kuandika moja ni kughushi, na hapa hatughushi data. Kufuta ni kusafisha. Hilo hukufundishwa?" Akatazama saa ya ukutani. "Wakubwa wakitoka kula nataka kijani."

Mwanagenzi akaenda kusimama kwenye ngazi, akapiga simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona unapiga saa za kazi, wamekufukuza?"

"Bado. Unafanya nini?"

"Nachagua mchele. Yule mwenye duka siku hizi anauza mawe, mchele anakuwekea kama nyongeza."

"Vaa viatu, Bibi."

"Niko ndani, viatu vya nini?"

"Vaa tu. Na sweta, lile zito, huku kuna baridi ya mashine. Na dawa zako za presha zitie mfukoni."

"Tunakwenda hospitali?"

"Unakuja kazini kwangu."

"Leo? Nimealikwa?"

"Kama hivyo."

"Na huko maji ya kunywa yapo, au nibebe?"

"Yapo. Ya moto na ya baridi."

"Ehee! Basi ngoja nivae."

Mwanagenzi akarudi mezani. Alisubiri muda wa mtu mzima kufunga kamba za viatu, akaongeza kidogo kwa ajili ya magoti. Angeweza kuinuka, akachukua mkoba wake, akaondoka na sifuri yake ikiwa salama. Aliwaza hivyo, na akauwaza uso wa bibi mbele ya majirani. Kisha akabonyeza. Kipande chekundu kikawa kijani.

Bibi alitoka kwenye lifti na sweta lake, viatu miguuni, ungo wa mchele mikononi.

"Kifungo cha mwisho hiki hapa nilikuwa sijakifunga," akamwambia dada wa mapokezi. "Nikaona niko barabarani. Na yule jirani, niliyemfundisha kutambaa kwa mikono yangu hii, ananiita mgeni!"

"Pole, mama. Kadi zimeisha, kaa tu."

Akakaa karibu na yule baba wa ndevu, ambaye povu lilikuwa limemkaukia. Mwanagenzi akamletea maji. Bibi akanywa yote, akakirudisha kikombe, akatazama kioo cha kompyuta kwa mbali.

"Na wewe huku kazi yako ni kuchagua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kuchagua nini?"

"Sifuri."

"Zikiwa nyingi mnazipika?"

Mwanagenzi alitaka kucheka, ikashindikana. Bibi akampigapiga mkono, akarudi kwenye ungo wake. Mikono ilikuwa ikifanya kazi lakini mdomo ulikuwa umekaa bure, na hilo bibi hakulizoea.

"Kitendawili!" akaita.

"Tega!" vikajibu viti vyote mpaka stoo.

"Nina mzee ana pua ndefu. Usiku kucha anakohoa, asubuhi hajatema kitu."

"Babu yetu," akasema msichana aliyekuwa akisukwa.

"Babu yenu anatema, nawajua mababu. Jaribuni tena."

"Nimeshindwa mimi," akasema baba wa ndevu.

"Basi nipe mji."

"Mama, mlango tu sina. Mji nitautoa wapi?"

Viti vikacheka, kisha vikaacha kucheka vyote kwa pamoja.

"Ni bomba la kwangu," akasema bibi.

"Na la kwangu," akasema fundi cherehani.

"Na la kwangu." Neno hilo likaenda kiti kwa kiti hadi mwisho wa ukumbi, likarudi. Bwana Wastani akachungulia mlangoni. "Jamani, taratibu. Kikao kimeanza."

Mkurugenzi alikuwa amechelewa. Ilimbidi apite katikati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, na kuuruka ungo.

"Hawa ni akina nani?" akauliza alipoingia.

"Wa nyumba tupu," akajibu Bwana Wastani.

"Aa," akasema mkurugenzi, akavuta kiti.

Ramani ikaangazwa ukutani, kijani kutoka pembe hadi pembe. Mwanagenzi alisimama pembeni akieleza. Hakuna aliyemwuliza swali. Walipiga makofi, wakaandika kwamba maji yanafika mitaa yote, na mmoja akasema ni vizuri kuwekeza kwa vijana. Kabla kikao hakijavunjika Bwana Wastani alimnong'oneza kwamba ameajiriwa kuanzia kesho.

Alipompasha bibi habari, bibi alipiga kigelegele, lakini kidogo, cha ofisini.

"Nitakwenda nyumbani mara moja, Bibi. Nikuletee blanketi."

"Na mswaki wangu. Na ufunge dirisha la jikoni, paka wa watu ataingia."

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika mtaani kwao. Watoto walikuwa wakicheza barabarani na ndoo tupu, kila ndoo imekuwa gari. Akatia funguo mlangoni. Ikaingia. Haikuzunguka. Akaitoa, akaifuta kwenye nguo, akaitia tena. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kweli, na paka wa watu alikuwa amekaa ndani, anamtazama.

"Unamtafuta nani, mwanangu?" akauliza jirani mmoja ambaye mita yake haikusoma sifuri, mama mtu mzima aliyemjua tangu anyonye.

"Nakaa hapa, mama. Mimi na bibi yangu."

"Hapo hapana mtu," jirani akasema kwa upole. "Ni nyumba tupu hiyo. Labda ungeulizia shirika la maji, wao wanazijua nyumba zote."

Mwanagenzi akamshukuru. Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyefanya hesabu ndefu akasahau kujihesabu mwenyewe. Akarudi kazini kwa miguu. Mlinzi akamfungulia, na yule mama mwenye mtoto akavuta miguu apite. Bibi alimwona mikono mitupu, hakuuliza blanketi. Alifungua vifungo vya sweta, akalitandaza likawafunika wawili.

Asubuhi Bwana Wastani alipowasha taa alimkuta mwanagenzi ameshakaa mezani, kompyuta imeshafutwa vumbi.

"Umeniwahi!" akasema. "Tungekuwa na watano kama wewe." Akamwekea jedwali jipya, la mitaa ya ng'ambo ya reli. "Anza taratibu. Huko wamejaa sifuri."

Mwanagenzi akalifungua. Macho yakashuka mstari kwa mstari mpaka sifuri ya kwanza, na kidole kikakaa juu ya kibonyezo. Kando ya ukuta, bibi alikuwa amemaliza mchele wake. Alimtazama mjukuu, akautazama mlango wa lifti, kisha akasogea kidogo kwenye kiti kumwachia nafasi anayekuja.