Majina Manne

Tangu Polikarpo aumie jicho, Teodora alikuwa haimalizi sala ya kuungama. Watu kanisani wakisema "nimekosa mimi", mkono wake uliinuka pamoja na mikono ya wenzake, lakini haukufika kifuani. Aliogopa kwamba akijipiga pale, kilichomo ndani kitaitika.

Kilichomo ndani alikijua. Kilikuwa kimelala nyumbani kwake, kijijini Ukata, kwenye sanduku la bati, chini ya kitenge cha msiba: karatasi ya bima yenye majina manne.

Mumewe, marehemu Bartholomayo, alimwachia koleo tatu, mashine ya kukazia waya, na sifa nzuri ya fundi wa uzio. Enzi zake kazi zilitoka ushirika na misheni, na mkataba ulikuwa neno la mdomo. Halafu biashara ikafunguliwa. Ushirika ukalegea, kampuni za watu binafsi zikaipanda milima ya Umatengo kununua kahawa, kila moja na ghala lake, na kila ghala likataka seng'enge. Teodora akamshukuru Mungu. Ila kampuni iliyompa kazi ya kijiji cha Ruanda, huko huko Umatengoni, ilimwambia wazi: bila bima ya wafanyakazi, hakuna mkataba.

Akaenda Mbinga mjini kwa Abdulmajid, wakala wa bima, kijana aliyekuwa na meza moja nyuma ya duka la nguo la baba yake.

"Shikamoo, mama. Watu wako wa kazi ni wangapi?"

"Marahaba. Kwanza niambie, ada inakwendaje?"

"Kwa kichwa. Kila jina na ada yake."

Uzio wa Ruanda ulitaka watu kumi na wawili. Hesabu alizofundishwa na masista shule ya msingi zilikuwa hazijamtoka kichwani, akazipiga pale pale bila kugusa kidole. Akataja wanne: Methodi, Ignatio, Nathanieli, Rogasian. Kalamu ya Abdulmajid ikangoja jina la tano. Halikuja.

Wanane waliobaki alijua pa kuwapata. Umatengoni mtu akizidiwa na kazi huita ngokela. Anapika pombe, anachinja akiweza, majirani wanakuja na majembe yao, wanalima, wanakula, na siku yao ikifika naye anakwenda kwao. Halipwi mtu, wala haandikwi mtu. Lakini ngokela ni ya shamba lako, au ya nyumba yako ikiezuliwa na upepo. Haiitwi kwa kazi ambayo mwitaji mwenyewe atalipwa. Teodora alilijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu. Akaita hivyo hivyo, akasema ni kazi ya mjane, wamsaidie.

Wakaja, Jumamosi moja ya Januari, kwa lori la kampuni. Polikarpo alikuwa wa kwanza kuruka chini. Alikuwa rafiki wa marehemu, mtu wa mizaha, aliyeoa ziwani na kujisifu kwamba hajanunua samaki tangu siku ya harusi. Akasimama mbele ya mabunda ya seng'enge, mikono kiunoni.

"Shemeji, ngokela ya seng'enge tangu lini? Maharage nipande wapi hapa?"

"Panda nguzo, zitaota."

"Zikiota nitavuna ghala."

Watu wakacheka. Teodora alicheka kuliko wote.

Methodi, mzoefu wa mashine ya kukazia, alikuwa kitandani na malaria. Mchana Polikarpo akaishika yeye, kwa kuwa alimwona marehemu akiitumia mara nyingi. Akakaza, akaongeza. Waya ukikazwa kupita kiasi huanza kuimba. Bartholomayo alimfundisha mkewe kuusikia wimbo huo. Teodora aliusikia. Akafungua mdomo kumwambia alegeze, na kabla neno halijatoka waya ukakatika, ukarudi.

Madaktari wa hospitali ya misheni kule ziwani walijitahidi. Jicho la kulia halikuokoka. Polikarpo akabaki huko huko kwa wakwe zake, awe karibu na daktari.

Ikawa kila lori la samaki linalopanda kutoka ziwani linaleta salamu za Gaudiosa, mke wa Polikarpo. Za kwanza zilisema: Dada, tumesikia kazi yako ina bima, bima inasemaje? Teodora akamtuma dereva: mwambie bado. Za pili, bado. Mara ya tatu Gaudiosa hakuuliza. Alituma mbasa wawili waliokaushwa vizuri, na maneno haya: Tunajua unahangaika kwa ajili yetu.

Wale samaki Teodora hakuweza kuwala, na kuwagawa hakuthubutu. Wakaning'inia jikoni juu ya moshi wakimtazama, kila mmoja na macho yake mawili.

Juma lililofuata alirudi kwa Abdulmajid, akamweleza kila kitu bila kujitetea. Kijana alisikiliza, akafunga mlango wa kuelekea dukani.

"Mama, Methodi siku hiyo alikuwa kitandani?"

"Ndiyo."

"Nani anajua?"

"Mke wake. Na sisi tuliokuwa kazini."

"Basi aliyeumia ni Methodi. Yumo kwenye orodha. Andika hivyo, fidia itoke, umpe mwenye jicho. Nani atatoka ofisi kuu Songea aje kuhesabu macho ya watu wa Ukata?"

"Na Methodi mwenyewe?"

"Atakuwa na bahati. Ataendelea kuona kwa jicho alilolipoteza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemshikia mgonjwa kikombe cha dawa, akampa na fomu ya madai. Teodora akaikunja, akaitia kwenye kitabu chake cha sala.

Ilikaa mle siku tatu. Uongo ule ulikuwa na sura ya sadaka, na ndiyo maana ulimchosha. Polikarpo angepata fedha zake, angedhulumiwa nani? Siku ya tatu, akiwa anaosha vyombo, akaona kilichokuwa kikimvuta. Fidia ikitoka kwa mlango huo, Polikarpo hatajua maisha yake yote kwamba jina lake halikuandikwa. Yeye Teodora alikuwa akikitaka hicho kuliko fidia. Akaliweka sufuria chini, akakaa kwenye kigoda mpaka mikono ikakauka.

Kesho yake alipanda lori lililokuwa likishuka tupu kwenda kuchukua samaki. Njiani, kijiji cha Kingerikiti, lilinasa kwenye tope, abiria wakashuka kusukuma, naye akasukuma.

Polikarpo alikuwa ameketi barazani kwa wakwe, kitambaa cheupe kimezunguka kichwa.

"Shemeji wa seng'enge huyo. Pita huku kushoto, huku ndiko nina umeme."

Gaudiosa akampokea mfuko kwa mikono miwili, akaingia jikoni. Haukupita muda akatenga ugali wa muhogo na samaki wa mchuzi, akamwaga maji ya kunawa. Teodora hakunyoosha mikono.

"Sitakula kabla sijasema."

"Mgeni hula kwanza, dada."

"Huyu asile kwanza."

Akatoa karatasi ya majina. Polikarpo aliitazama kwa jicho moja, akaisukuma nyuma. "Nisomee. Si wewe ndiye msomaji wa kanisani?"

Akasoma. Methodi. Ignatio. Nathanieli. Rogasian. Sauti aliyoizoesha kusoma nyaraka za mitume iliishia hapo.

"Endelea," Polikarpo akasema.

"Yameisha."

Birika la kunawia lilikuwa bado mkononi mwa Gaudiosa. "Uliwasahau wengine," alisema, na hakusema kama anayeuliza.

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa. Teodora aliuona, akaupita.

"Sikuwasahau. Kila jina lilikuwa na ada. Nikawaita kwa ngokela ili nisiwaandike."

"Jina moja shilingi ngapi?" Polikarpo akauliza.

"Yote manane hayakufika bei ya mbuzi niliyewachinjia."

Polikarpo alicheka kidogo, cheko likamgusa kidonda, akashika kitambaa. Akasema, "Na mbuzi mwenyewe alikuwa mgumu."

Teodora akawaeleza njia ya Abdulmajid, akaifunua fomu ya madai juu ya mkeka.

"Kwa hiyo umeileta nikuamulie mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Polikarpo haikuwa na mzaha. "Jicho nitoe mimi, na dhambi nikuchagulie mimi?"

"Hapana, shemeji. Nimeileta niijaze mbele yenu."

Akatoa kalamu. Penye nafasi ya maelezo ya ajali aliandika polepole: Aliyeumia ni Polikarpo Ndunguru wa Ukata. Jina lake halimo kwenye orodha. Nililiacha kwa kusudi mimi mwenye kazi. Akatia sahihi, akawasomea.

"Hiyo haileti fidia," Gaudiosa akasema.

"Haileti hata senti, najua. Na kampuni ikiiona, mkataba nao utakwenda. Nitauza mashine na koleo, fedha nitawaletea."

"Ukiuza mashine, mwaka kesho utatulipa kwa nini?" Gaudiosa aliweka birika chini. Macho yake yalikuwa makavu, na hayakumwacha Teodora. "Usiuze. Fanya kazi, utuletee kidogo kidogo, na ukiajiri mtu umwandike. Hilo moja. La pili, ngokela hulipwa kwa ngokela. Mwezi wa tatu tunalima ngoro kule Ukata, shimo kwa shimo, shamba lote la mteremkoni, na mwenye shamba sasa haoni vizuri jembe linapoangukia."

"Nitakuja na watu wangu wote."

"Sikusema watu. Njoo na jembe lako, uje peke yako."

Polikarpo hakumpinga mkewe. Alikuwa ameishika ile fomu karibu na uso, upande wa kushoto, akilitafuta jina lake.

Teodora akanyoosha mikono juu ya beseni, na Gaudiosa akainua tena birika, akammwagia maji.