Saba Waliotimiza Akidi

Mkutano wa mtaa ulihitaji watu hamsini. Waliokuja walikuwa arobaini na watatu. Katibu, mshonaji nguo aliyefiwa na mumewe mwaka juzi, aliwahesabu mara tatu kana kwamba wangezaana. Akidi isipotimia leo, ile ardhi tupu nyuma ya zahanati ingekuwa maegesho ya magari, na bintiye angeendelea kucheza barabarani, pale pale alipogongwa akavunjika mguu. Katibu alitaka uwanja wa watoto, na aliutaka kuliko alivyoogopa dhambi.

Basi akafanya kama walivyofanya makatibu waliomtangulia: akaandika marehemu. Fundi Saa, Bibi Kona, Mzee Kikohozi, na wengine watatu wasioacha ndugu wa kuuliza. Bado mmoja. Mfa maji haachi kutapatapa. Wa saba akamwandika mumewe, kisha akawawekea wote saini.

"Hamsini kamili," alimwambia afisa wa mipango, mgeni aliyeletwa wiki ile, asiyemjua hata mmoja wao.

Maneno yakawa mengi. Mwenye gereji alitaka maegesho, na wenye nyumba wakamuunga mkono. Kura ikafika saa tisa alasiri, jua linawaka madirishani.

"Wanaotaka uwanja, mikono juu," afisa alisema.

Katibu alihesabu ishirini na mmoja tu. Lakini afisa alikuwa akihesabu kwa kalamu, kichwa kwa kichwa, mpaka benchi la nyuma lililokuwa tupu, na hapo kalamu haikusimama. Ilidonoa hewani mara saba.

"Ishirini na wanane. Wanaopinga ni ishirini na wawili. Uwanja umepita."

Watu wakapiga makofi, hata mwenye gereji, shingo upande. Hakuna aliyebisha hesabu. Katibu alitaka kubisha, akaandika hesabu hiyo hiyo. Kule nyuma benchi lililia, kama linavyolia watu wanapoinuka kwa pamoja. Aliogopa, akaona haya pia, maana ndani ya hofu ile alikuwa anafurahi.

Ukumbi ulipobaki na yeye na afisa tu, Katibu alitazama karatasi ya mahudhurio. Saini saba alizoghushi hazikuwa za mkono wake tena. Ya Bibi Kona ilikuwa dole gumba, wino bado mbichi. Ya mumewe aliijua vizuri.

"Mama, mbona hukuniambia mzee wako yupo?" afisa aliuliza, akifunga mkoba. "Mtu mpole sana. Alinipa mkono wa baridi, nikamwambia, mzee, baridi hiyo nenda ukapimwe. Akacheka. Kasema kwa kuwa umemwita mwenyewe, basi anatangulia nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini?"

"Kumwona mtoto, kasema."

Katibu akatoka mbio bila kuvaa viatu. Mtoto alikuwa peke yake kule, na kila usiku kabla ya kulala alimwomba Mungu amrudishie baba.