Mkono wa Kushoto wa Mto Amboko

Katika miaka thelathini na minne aliyolinda milango ya mto Amboko, Augustin hakuinama hata mara moja kutazama samaki. Kazi yake ilikuwa juu: minyororo, gurudumu la kunyanyulia, na kipimo cha maji kilichochorwa ukutani. Tshopo, mto mkubwa unaopokea maji ya Amboko, ulipofura na kutaka kuyasukuma maji yake hadi mtaa wa Mangobo, aliteremsha milango yote minne; ulipopungua, aliipandisha. Kila tendo aliliandika daftarini kwa mwandiko ulionyooka, kama alivyofundishwa na mapadri. Wavuvi walioikaribia milango aliwafukuza.

Sasa amestaafu, na milango nayo imechakaa. Kutu imekula pindo za chini, na mpira wa kuzibia umekatika hivi kwamba maji hupenya usiku na mchana. Ukarabati ulipoanza, mhandisi aliyekabidhiwa michoro alikuwa Nicole, mjukuu wake, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Zaidi ya kubadili chuma, alitakiwa kujenga ngazi ya samaki: mfereji wa zege wenye vidato, kando ya ukingo mmoja, ili samaki wanaotoka Tshopo kwenda kutaga mayai wasikwame chini ya milango mipya isiyovuja.

“Koko, wewe ulikaa pale maisha yako yote,” Nicole alimwambia babu yake. “Samaki wanapandia upande gani?”

Augustin hakuwa tayari kukiri kwamba hajui. Kesho yake akaenda soko la Mangobo, kwa Euphrasie, muuza samaki ambaye kwa miaka mingi alitega migono, mitego yake ya kusuka, chini ya milango ile, na ambaye yeye mwenyewe alimfukuza mara zisizohesabika.

“Leo Papa Augustin anakuja kuuliza mambo ya samaki!” Euphrasie akawaambia majirani zake. “Dunia inageuka, kweli.” Kisha akajibu, bila kuacha kuparua magamba ya mboto, samaki aliyemshika: “Mukono ya kushoto. Mama yangu pia alikuwa anatega pale.”

Augustin akarudi nyumbani, akaandika kwenye karatasi safi: *Samaki hupita ukingo wa kushoto.* Akatia sahihi. Nicole akachora ngazi kwenye ukingo wa kushoto, na chini ya mchoro akaongeza: *Chanzo cha habari: Augustin, mlinzi wa milango.* Mzee aliyasoma maneno hayo mara tatu.

Jumamosi asubuhi Nicole alikuwa akipiga alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa kushoto, ambao mafundi wangeanza kuuvunja Jumatatu. Augustin alisimama nyuma yake, amefunga vifungo vyote vya koti. Euphrasie akatokea kwenye kijia, beseni kichwani, migono miwili mkononi.

“Ile rangi ni ya nini?”

“Hapa ndipo tutajenga njia ya samaki, mama,” Nicole akamjibu.

Euphrasie akacheka mpaka akalitua beseni. “Hapa? Hapa munajengea vyura! Papa Augustin, si nilikuambia kushoto?”

“Na hapa ni kushoto,” mzee akasema kwa ukali. “Kushoto kwa mto ni kushoto kwa mtu anayetazama maji yanakokwenda. Hilo hufundishwa shuleni.”

“Na samaki alisoma shule gani? Yeye anapanda, papa. Hashuki. Mimi naangalia kule anaenda.” Akaupa Tshopo mgongo, akainua mkono wake wa kushoto. Mkono ukaelekea ukingo wa pili.

Augustin aliufuata mkono ule kwa macho hadi ng’ambo. Zege likimwagwa hapa, samaki wangejikusanya ng’ambo, chini ya chuma kipya, wala wasipande. Na kazi ya kwanza ya mjukuu wake ingekuwa ukuta usio na faida, wenye jina la Augustin chini ya mchoro wake.

Clovis, mkuu wa kazi, alikuwa amesikia kelele, akasogea. “Bon, kuna nini? Simenti yote iko upande huu. Kuhamisha ni siku kumi, na mvua haitatungoja.”

“Mchoro ni wangu,” Nicole akaanza. “Kosa ni—”

“Nyamaza,” babu yake akamkatiza.

“Alors, huyu mama aliwapa habari ya uongo?” Clovis akauliza.

Njia ya kukwepa lawama ilikuwa wazi mbele ya Augustin. Mwanamke yule hakuwa na karatasi wala sahihi. Neno lake lilikuwa la sokoni.

“Alisema kweli,” Augustin akajibu. “Mimi ndiye niliyegeuza. Nilidhani anautazama mto kama mimi, na sikumwuliza anasimama wapi. Nililinda hapa miaka thelathini na minne, na sijui samaki wanapita wapi.”

Clovis alikuna kidevu. “Mimi sihamishi simenti kwa maneno.”

“Basi ngoja,” Euphrasie akasema, akanyanyua migono yake.

Mmoja akautega chini ya alama nyekundu, wa pili ng’ambo. Wakangoja hadi saa sita mchana. Mgono wa kwanza ukatoka na majani na mfuko wa plastiki. Wa pili ulihitaji watu wawili kuuvuta. Mboto watatu walipigapiga mikia ndani yake.

Clovis akawaita wapakiaji waihamishe simenti.

Nicole alipokuwa akifuta rangi, Augustin aliomba mchoro na kalamu, akabadili neno *kushoto* kuwa *kulia*. Akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: *Euphrasie, muuza samaki, Mangobo.* Akamsomea mwenyewe jina hilo.

“Ni vizuri,” Euphrasie akasema. “Na mukono? Umeandika mukono gani?”

“Wa kulia, kama wanavyofundisha shuleni.”

“Umekosea tena, papa!”

Augustin akaishika kalamu tena. Hakufuta. Kando ya neno *kulia*, kwa uangalifu uleule aliotumia kuandika daftari lake, akachora samaki mdogo, kichwa kikielekea maji yanakotoka.