Sentensi Aliyoiruka Lorna

Lorna Stidham alikuwa na wivu, na tusimpambie. Kuna watu wakionewa na dunia husema wamevunjika moyo, au wamechoka. Yeye alikuwa na wivu mtupu, ule wa kumfanya mtu ale maharage na mkate wa mahindi asijue kama vimetiwa chumvi.

Aliyemwonea wivu huo ni Paige Brashear, binti wa mwenye duka la dawa pale mjini. Paige alikuwa na miaka ishirini na miwili, meno yaliyonyooshwa kwa waya tangu utotoni, na gari lenye viti vinavyopashwa moto. Mwaka ule wote wawili walikuwa wakiomba kuingia chuo kimoja cha udaktari wa osteopathia, ng'ambo ya milima. Wastani wa alama za Paige ulikuwa tatu nukta tisa kati ya nne. Wa Lorna ulikuwa mbili nukta sita.

Hapa ndipo msikilizaji hungoja aambiwe kwamba Lorna alifelishwa na umaskini au na mama mgonjwa. Hapana. Alifelishwa na kijana aitwaye Dwayne, mwenye pikapu nyekundu na maneno matamu, miaka kumi iliyopita. Darasa la kemia lilikuwa asubuhi, na Dwayne hakuwa mtu wa asubuhi. Lorna akapata F. Alipokuja kupata akili, Dwayne alikuwa ameshaoa kwingine. Lorna akarudia masomo yote kwenye chuo kidogo cha wilaya, jioni baada ya kazi, akapata A juu ya A. Lakini wanaokokotoa wastani huchanganya mpya na kuukuu, na ile F ilibaki pale pale kama doa la grisi kwenye shati la kanisani.

Tumaini lake lilikuwa moja. Vyuo vya osteopathia, watu husema, humtazama na mtu mwenyewe, haviishii kwenye alama. Na hupenda sana barua kutoka kwa daktari wa namna hiyo hiyo, anayetoa dawa kama madaktari wengine lakini pia anajua kuutibu mgongo kwa mikono yake. Pale mjini alikuwapo mmoja tu, Dokta Orville Napier, mzee wa miaka sabini na moja, ambaye nusu ya wachimba makaa wa bonde lile walikuwa wamelalia meza yake ya matibabu. Lorna alimfanyia kazi miaka sita. Alipokea wagonjwa, alipanga mafaili, na zaidi ya yote alimchapia barua.

Dokta hakugusa kompyuta. "Vidole hivi ni vya mgongo," alikuwa akisema, "si vya vitufe." Alisemea kila kitu kwenye kinasa sauti chake kidogo cha kaseti, Lorna akasikiliza na kuchapa, naye akasaini bila kusoma. Zamani alikuwa akisoma. Siku moja akaacha, na hakueleza kwa nini.

Paige alikuwa akija kila kiangazi kumfuata Dokta chumba hadi chumba na kujifunza. Kiangazi cha pili Dokta alianza kumwachia aguse.

"Weka vidole hapa, mwanangu. Usisukume. Sikiliza tu. Umeipata misuli?"

"Nimeipata, Dokta. Upande wa kushoto umekaza kuliko wa kulia."

"Haya! Mzee Hobart, umesikia? Siku mbili tu, na ameshaupata mgongo wako kuliko mkeo."

"Mke wangu hautafuti, Dokta," alijibu mzee Hobart, uso umezama kwenye tundu la meza. "Anatafuta pochi."

Wakacheka wote watatu. Lorna alikuwa mlangoni ameshika faili. Miaka sita, akawaza, na hakuna siku aliyoniambia niweke vidole popote. Kwamba na yeye hakuwahi kuomba, hilo halikumjia. Wivu una macho ya upande mmoja.

Mwishoni mwa Juni, Dokta alimwita ofisini.

"Barua yako, Lorna. Hiyo siwezi kukupa uichape. Haitakuwa haki kwako wala kwangu."

"Nani atachapa sasa, Dokta?"

"Mimi."

Akavaa kofia, akaenda zake maktaba ya mji. Alikwenda alasiri nne mfululizo. Siku ya tano Lorna alikutana na Wanda, mtunza maktaba, kwenye foleni ya dukani, na Wanda hakuumbwa na kufuli mdomoni.

"Shoga, mzee wako ametutesa! Kidole kimoja, tok, tok. Anafuta, anaandika, anafuta tena. Siku nne, halafu unajua imetoka kiasi gani? Nusu ukurasa!"

"Nusu?"

"Nusu. Mimi ndiye niliyemsaidia kuituma. Sikuisoma, jamani, msinisingizie. Lakini nusu niliiona."

Lorna alirudi nyumbani nyongo imempanda. Miaka sita kwa nusu ukurasa! Kumbe mzee hakuwa na la kusema, ndiyo maana alikuwa akifuta.

Wiki mbili baadaye, tarehe kumi na tisa Julai, akakuta kaseti mezani imeandikwa jina la Paige. Akavaa visikizio. Sauti ya Dokta ikaanza, na ikaendelea, na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Ukurasa wa kwanza ukajaa. Bidii ya Paige, upole wa Paige, Paige na wazee, Paige na watoto. Lorna alichapa yote, meno ameyakaza. Halafu Dokta akakohoa, akasema:

"Nimefanya kazi hii miaka arobaini na miwili, na sijapata kuona mikono kama ya binti huyu, ningemlaza mama yangu mzazi kwenye meza yake."

Lorna akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya huruma. Aliyenacho huongezewa, ndiyo, lakini aongezewe hata mama mzazi wa Dokta?

Akairuka sentensi ile. Hakuandika uongo, alijiambia, na hakuandika baya. Aliruka tu, akachapa iliyofuata, na barua ikasomeka vizuri, nzuri kama barua za watu wengine elfu. Dokta akasaini bila kusoma. Lorna akaituma, kisha akaifuta kaseti.

Oktoba ukaja na wito wa usaili, na wito huo ulikuja kwa wote wawili, siku moja. Gari la Lorna lilikuwa gereji. Paige aliposikia, akapiga simu papo hapo.

"Dada Lorna, twende wote! Peke yangu nitalia njia nzima."

Kwa hiyo Lorna akasafiri muda wa saa tatu kwenye kiti kinachopashwa moto, na kiti chenyewe kilikuwa kizuri, jambo lililomuudhi zaidi. Paige aliendesha akila mkate mdogo wenye soseji aliofungiwa na mama yake, akamkatia na Lorna.

"Vyuo vingine vimekuita lini?" Lorna aliuliza, akijiandaa kuumia.

"Vingine? Niliomba vitatu. Viwili vimenikataa. Ni hiki tu."

"Na alama zako zile?"

"Alama kila mwombaji anazo, dada." Alisema bila kujua anamchoma nani. "Wamejaa watu wa tatu nukta tisa. Mimi nilitegemea barua ya Dokta, maana aliniambia ameisemea mikono yangu. Sasa sijui. Labda alinionea haya tu. Unajua, ni mikono tu ndiyo ninayojivunia? Mengine yote nilinunuliwa na baba."

Lorna alitazama milima. Angeweza kusema pale pale, gari likiwa linateremka, lakini hakusema. Ajabu ni kwamba bado alimwonea wivu, hata akiwa amemkwapulia. Alimwonea wivu kwa kuweza kusema jambo kama lile mbele ya mtu, bila hofu.

Chuoni waliketi korido moja, na Lorna ndiye aliyetangulia kuitwa. Ndani alikuwamo mwanamke mmoja wa makamo, Dokta Whitlow, miwani kwenye kamba shingoni, mikono mipana. Faili la Lorna lilikuwa wazi mbele yake.

"Tusizungushane, binti Stidham. Nimeiona F ya kemia."

"Ndiyo, Dokta. Ni yangu."

"Kwa wastani huu, mara nyingi hatumwiti mtu. Wewe unajua, mimi najua." Akageuza karatasi. "Barua hizi siruhusiwi kukusomea. Lakini ipo moja, fupi kuliko zote nilizopata mwaka huu, na nitakuibia mstari mmoja, maana ndio uliokuleta hapa."

Akavaa miwani.

"'Macho yangu yamechoka, na kwa miaka minne nimekuwa nikisaini bila kusoma, kwa sababu kila neno langu hupitia mikononi mwa Lorna, na hajawahi kuongeza wala kupunguza hata moja. Kama ninyi mnaweza kumpata mtu wa namna hii kwa alama, mpateni.'"

Dokta Whitlow akavua miwani. Alikuwa akitabasamu.

"Dawa inayozidi kidogo au kupungua kidogo inaua, na kwenye mtihani hatuna swali la kupima hilo. Sasa niambie. Mzee wako anatia chumvi?"

Kumbe ndicho alichokuwa akikifuta na kukiandika siku nne, kwa kidole kimoja. Lorna akakiona kiti cha chuo kile, akakiona kabisa, karibu kiasi cha kukishika. Lilikuwa neno moja tu: hapana. Nje ya mlango Paige alisikika akimchekesha mtu.

"Ilikuwa kweli," Lorna alisema, "mpaka tarehe kumi na tisa Julai."

Tabasamu la Dokta Whitlow likafifia polepole. "Kukatokea nini?"

"Nilichapa barua ya Paige Brashear. Nikaruka sentensi moja. Kwa wivu. Kaseti nilifuta. Lakini sentensi yenyewe ninayo."

"Unayo wapi?"

"Kichwani. Niliisikia mara tatu."

Dokta Whitlow akalifunga faili la Lorna, akalisogeza pembeni, akavuta la Paige lililokuwa chini yake na kuchukua kalamu.

"Iseme," akasema. "Taratibu, niandike."

Lorna akaweka mikono magotini, akaisema taratibu, tangu miaka arobaini na miwili hadi mama mzazi kwenye meza, na hakuongeza neno, wala hakupunguza, na kila neno lilimuuma kama siku ile ya kwanza.