Moyo wa Kulinganishia

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Mashine ya kusaga ikigoma, hakugusa hata skrubu moja kabla ya kuinamisha kichwa na kuisikiliza, kisha akaenda kuisikiliza nzima iliyo jirani. Zikilia sawa, alimwambia mwenye mashine aache kudeka. Alikosea mara chache sana, na majivuno hayakumpungukia.

Basi kifungua mimba wake alipolalamika kwamba moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, mzee alifanya lile analolijua. Kiganja kimoja alikiweka kifuani pa binti, kingine kifuani pake mwenyewe. Mapigo yakaenda sambamba. Akacheka, akasema huo ndio mwendo wa ukoo wao, hata bibi yake alikuwa hivyo hivyo, na hospitali ni ya wagonjwa. Binti alimwamini. Nani asingemwamini? Alimwamini miaka sita, mpaka miguu ikavimba na ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima.

Daktari, mama wa makamo asiyemumunya maneno, aliwapima damu wote wawili. Akaeleza kwamba tezi zao za shingo zinamwaga homoni kupita kiasi, kwa sababu miili yao, kwa kurithi, haizisikii vizuri. Moyo ndio unaozisikia zote, nao hukimbizwa bila kupumzika. Wengine huvumilia hadi uzeeni. Moyo wa binti ulikuwa umetanuka na kuchoka, na dawa za kuutuliza zilikuwa zimechelewa.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amelinganisha mashine mbovu na mbovu mwenzake.

"Nisamehe, mama," alimwambia binti yake.

"Nimeshakusamehe, baba. Lakini mdogo wangu naye ulimpima kwa mkono?"

Fundi alikuwa amempima mwezi uliopita, tena akamsifu.

Binti alikata roho kesho yake, saa nne asubuhi. Ndugu waliokuja nyumbani kupanga mazishi waliona baba mtu hawasikilizi kabisa. Aliwapita, akaingia chumbani alikokuwa amejikunyata kitinda mimba wake wa miaka tisa, akamtolea viatu chini ya kitanda, akapiga magoti kumfunga kamba. Fundo lilimshinda mara mbili.

"Tunaenda kumzika dada?" mtoto aliuliza.

"Dada atatusubiri, mama. Kwanza twende kwa daktari wake."