Kimya cha Siku Ishirini na Sita

Nyie mnaomjua Matrida wa mzee Werema, yule aliyepanga chumba Nyasho nyuma ya mashine ya kusaga, msije mkasikia watu wanasema alikosa nafasi kwa uvivu, mkakubali. Uvivu! Binti yule alikuwa anakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka mgongo unakufa ganzi, mashine inanguruma ukutani, na unga unapenya mpaka kwenye vitufe. Angekuwa mvivu, mimi nisingekuwa na hasira leo.

Nafasi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna programu za kompyuta zinazoitwa huria. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi mtandaoni. Yeyote anausoma, yeyote anaurekebisha. Na kuna mpango unaochukua wanafunzi dunia nzima kila mwaka. Kila mmoja anapewa mlezi, wanafanya kazi pamoja miezi mitatu, kila mtu akiwa kwao, na mwanafunzi analipwa. Huko huingii kwa cheti. Unachagua programu, unatafuta kasoro, unaitengeneza watu wanaona, halafu ndipo unaandika ombi. Mwaka jana Matrida aliandika ombi tupu, bila kazi, akakataliwa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, maana Julai alikuwa anamaliza chuo pale Musoma, na mpango hauchukui asiye mwanafunzi. Akikosa, kilikuwepo kiti kinamsubiri kwenye stationery moja ya Iringo, achape barua za watu na kutoa kopi za vyeti mpaka azeeke. Kile kiti alikiogopa kama kaburi.

Kasoro yake hakuitafuta mbali. Desemba alikwenda Bunda, Kabasa, kwa shangazi yake Marieta, muuguzi wa zahanati ndogo. Akamkuta anagombana na simu ya kazi.

"Hii inadanganyaga, mwanangu," shangazi alisema. "Nikichanja mtoto Jumatatu na mtandao hakuna, inakuja kuandika Jumatano. Jana nimemrudisha mama wa watu na mtoto mgongoni, kisa simu inasema siku ya mtoto bado. Ametoka mbali kwa miguu!"

Matrida akaishika ile simu, akaikagua. Programu ya chanjo ilikuwa huria. Na kasoro aliiona: mtandao ukikatika, programu ilikuwa inaandika siku mtandao uliporudi, haiandiki siku aliyochanjwa mtoto. Akaingia mtandaoni, akakuta programu ile ile imo kwenye orodha ya mpango, na nafasi yake ni moja. Alimrukia shangazi akamkumbatia, kidogo waangushe boksi la sindano. Aliona kabisa kwamba Mungu amemfungulia mlango.

Mwezi Machi, tarehe mbili, akaandika kwenye jukwaa lao, pale mtandaoni wanapozungumza wote. Mlezi alikuwa mwanamke wa Poland, anaitwa Dorota, mtu mzima mwenye wajukuu. Akamjibu siku hiyo hiyo: "Karibu sana, Matrida. Kasoro hii nakupa wewe. Tuonyeshe chochote utakachokuwa nacho, hata kikiwa nusu, hata kikiwa kibovu. Tutakijenga pamoja."

Hata kikiwa kibovu! Maneno mepesi kabisa, mtoto wa darasa la pili anayaelewa. Lakini Matrida aliyapokea kama unavyopokea "karibu tule" ya mtu uliyemkuta anakula: unasema asante, nimeshiba, unapita. Kwa waliomlea kule Butiama, mkubwa haonyeshwi kitu nusu. Mgeni humfunulii sufuria ugali ungali uji. Ukitumwa unakwenda, unafanya, unamaliza, unarudi, unapiga goti, unasema tayari. Hapo katikati hakuna habari. Anayesemasema katikati anatafuta sifa au anatafuta msaada, na vyote viwili ni aibu. Basi akamwandikia bibi yule, "Asante sana, nitafanya," akainama na kazi yake.

Darasani kwao alikuwepo Fredi, kijana wa Iringo, mdomo kama redio ya kinyozi. Naye alikuwa anaomba kwenye programu ile ile, ila hakuwa na kasoro yake maalumu. Alikuwa anadonoa vidogovidogo.

"Umetupia nini mpaka sasa?" Fredi alimuuliza siku moja wakitoka kipindini.

"Sijamaliza."

"Nani kasema umalize? Tupia tu, Matrida. Mimi nilitupiaga kitu hakiwaki kabisa. Wakanicheka, wakaniambia futa hapa, ongeza pale, kesho yake kikawaka."

"Wewe huna aibu."

"Aibu inaliwaga na mboga gani?" Fredi akacheka, akaenda zake.

Matrida alimdharau, tena kwa moyo wote. Alimwona kama mtu anayetoka nje na mswaki mdomoni kupokea wakwe.

Siku ya sita Dorota akauliza pale jukwaani: "Matrida, inaendaje?" Binti akaandika jibu, akalifuta. Akaandika tena, akafuta. Angesema nini? Bado? Mkubwa kakuuliza, unamjibu bado? Akaona heri ajibu kwa kazi. Siku ya kumi na moja swali likarudi: "Umekwama wapi? Kukwama si kosa, wote tunakwama." Na jamani, alikuwa amekwama kweli! Tarehe alikuwa ameshaiokoa, lakini kila alipoiokoa, jina la mtoto lilikuwa linapotea. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, na mtu wa kumsaidia amekaa pale pale anamwuliza kwa upole kakwama wapi. Akafunga kompyuta, akaenda kununua dagaa.

Siku ya kumi na sita ukaja ujumbe wa tatu: "Nina wasiwasi nawe. Nisipopata neno mpaka Ijumaa, itabidi niifungue kasoro hii kwa wengine. Neno moja tu linanitosha."

Neno moja tu. Mimi nikifika hapa natamani kumtikisa mabega. Lakini kimya kilikuwa kimeshakomaa. Siku ya kwanza ungekivunja kwa "naendelea, bibi." Siku ya kumi na sita kilitaka maelezo, na maelezo yangeonyesha kwamba alikuwa akisoma kila ujumbe na kunyamaza. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajiambia amebakiza kidogo, atakwenda na kazi nzima mkononi, na hiyo kazi itamwombea msamaha. Hata lile jukwaa akaacha kulifungua, asilione jina lake pale.

Siku ya ishirini na sita akamaliza. Na kazi ilikuwa nzuri, nani wa kukataa! Alipanda gari mpaka Kabasa na simu mbili, akampa shangazi Marieta ajaribu. Wakazima mtandao, wakaandika mtoto wa uongo, wakasogeza kalenda ya simu siku mbili mbele, wakazunguka sokoni, wakanunua nyanya, wakarudi, wakawasha mtandao. Siku ikasomeka ile ile, jina lile lile, chanjo ijayo tarehe yake. Shangazi akapiga kigelegele mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka.

"Hawa wazungu wakikukataa, hawana macho," alisema.

Pale pale uani, Matrida akafungua jukwaa na kutuma kazi, na barua ndefu ya heshima, shikamoo yake ameifafanua kwa Kiingereza. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kitu kizima kama kile.

Jibu lilikuja hata chai haijapoa.

"Matrida mpendwa. Nimesoma kazi yako yote. Ni safi, ni safi kuliko tuliyoipokea. Lakini kasoro hii ilishatengenezwa, ikafungwa juzi. Nilikungoja mpaka Ijumaa ile, na Jumamosi pia nikakungoja. Aliyeichukua alileta kitu kibovu, tukakirekebisha naye mara kumi na moja, kila mtu akiona. Andika ombi lako, una haki. Ila sitakuficha: najua sasa unavyofanya kazi peke yako. Sijui unavyofanya kazi na sisi, na mpango huu upo kwa ajili hiyo tu. Kwa nini hukusema chochote?"

Alisoma mara moja. Shangazi akauliza wamesemaje, akajibu wamepokea. Kisha akaenda nyuma ya choo cha zahanati, akatapika.

Aliyeichukua alikuwa Fredi. Kesho yake alikuja mwenyewe Nyasho, akasimama mlangoni, safari hii redio imezimwa.

"Niliona wameifungua," alisema. "Nikajua umeiacha. Si ulikuwa umeiacha? Ningejua unaendelea, Mungu mmoja, nisingeigusa."

Matrida alimtazama amkute na hatia, hakuipata. Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Ukiibiwa unamlaani mwizi, roho inapumua. Yeye hakuwa na wa kumlaani. Akamwambia karibu ndani. Fredi akasema asante, ana haraka.

Ombi aliliandika, kwa sababu kutoandika kungekuwa kama kujizika. Kwenye ile barua kuna mahali unaulizwa umeshirikiana vipi na wenzako, na hapo alikaa siku mbili nzima. Mwisho akaandika, "Nilikuwa nasikiliza." Mwezi Mei majibu yalitoka. Nafasi ni moja, na jina lilikuwa la Fredi. Dorota alimwandikia kando maneno mazuri, kwamba mlango wa programu uko wazi siku zote, aje afanye kazi kwa hiari. Matrida alitaka kujibu. Alitaka sana. Mpaka leo ule ujumbe umekaa, haujajibiwa.

Jumamosi akaenda Butiama kumwambia baba yake. Mzee Werema alikuwa ameuza dume lake la kulimia ili ile kompyuta inunuliwe, na tangu hapo alikuwa analima kwa ng'ombe wa kuazima, kwa hiyo habari ile haikufaa kupelekwa kwa simu. Njiani binti aliapa kwamba atasema yote. Atasema: baba, kimya ndicho kilichoniua. Ile adabu mliyonipa, kule inasomeka kama dharau. Atasema, hata kama atalia, na angalau mtu mmoja duniani atajua alivyoumia.

Alimkuta mlangoni pa zizi, amembana ndama magotini, anamtoa kupe masikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama yangu. Habari za huko?"

"Si nzuri, baba. Ile nafasi nimekosa."

Mzee hakuinua uso haraka. Alimbana kupe mmoja kwa kucha, akamtupa. "Kazi ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Wamesema ni nzuri kuliko ya aliyepata. Nilichelewa."

"Hawakukuulizaga umefika wapi?"

"Waliniuliza. Mara tatu."

"Ukawajibu nini?"

Hapa ndipo pa kusema. "Sikuwajibu, baba. Nilikuwa sijamaliza."

Mzee Werema akamwachia ndama. Akamtazama bintiye, na uso wake, uliokuwa umeanza kukunjamana kwa habari mbaya, ukakunjuka taratibu. Mambo ya kompyuta hakuyaelewa hata moja tangu siku lile dume lilipotoka zizini. Hili aliliona, akalielewa, akaliona ni lake.

"Mara tatu," alisema. "Na wewe kimya, mpaka kazi imekwisha."

"Ndiyo, lakini baba..."

"Hapana, mama, usilie. Nafasi zinapoteaga, zinakuja nyingine. Mimi nilikuwaga na hofu kwamba huko mjini wamekuharibu, umekuwa wa kupayuka kama hao wengine. Kumbe bado ni mtoto wangu!" Macho yalikuwa yanamlengalenga mzee. "Lile dume halikwenda bure."

Matrida alifungua mdomo. Alimwona baba yake alivyosimama, suruali imechanika gotini, furaha imemjaa kifua kizima, na akaona kwamba akisema sasa, dume litakuwa limekwenda bure kweli, na mzee atabaki na nini.

"Ndiyo, baba," alisema. "Asante."

Mzee akajifuta mikono, akageukia ng'ambo ya ua, akamwita jirani yake Baltazari kwa sauti, aache jembe, aje asikie mtoto wa Werema alivyolelewa. Matrida akasimama pale pale zizini, akamngoja jirani afike.