Kuku wa Saanane

Siku tulipoanza kupanga safari ya kisiwani, mama alimtenga kuku mmoja kati ya wanane aliokuwa nao. Alikuwa kisunzu mwekundu, mwenye kishungi cha manyoya kichwani.

"Huyu ni wa Saanane," alisema.

Ilianza na picha. Kaka yangu Derick, anayefanya kazi Mwanza, alinitumia kwenye simu picha ya Kisiwa cha Saanane, kilicho karibu kabisa na mji. Majabali makubwa, swala, tumbili juu ya jiwe. Alieleza kwamba zamani palikuwa bustani ya wanyama, sasa ni hifadhi, na jina ni la mzee aliyekaa hapo kabla serikali haijakichukua. Boti inakuvusha asubuhi, jioni umerudi. Mama, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Singidani, aliitazama picha mpaka simu ikazima, akaniambia niiwashe tena.

"Tukishavuna alizeti twende," alisema. "Mimi, baba yako na wewe, Emiliana."

"Lakini Saanane mwenyewe hayupo, mama. Kuku wa nini?"

"Hayupo, ila kwake papo. Unaingia kwa mtu mikono mitupu? Nani alikulea wewe?"

Baba alikuwa akichonga mpini wa jembe. "Unamuuliza nani?" alisema bila kuinua macho. "Si ulimlea mwenyewe?"

Alizeti ilivunwa bila mama. Aliugua wiki mbili mwezi wa nne, tukamzika hapa kijijini Sepuka, nyuma ya nyumba.

Wageni wa msiba walikuwa wengi, na kuku wake walichinjwa mmoja mmoja. Shangazi Stumai alipomkamata kisunzu, baba aliinuka kwenye mkeka.

"Huyo mwache."

"Kaka, watu hawajala."

"Chinjeni mbuzi. Huyo ana safari."

Shangazi alinitazama kama mtu anayeuliza. Niliingia ndani nikalia.

Baada ya matanga nilirudi mjini, Mandewa, kwenye cherehani yangu, nikawa nakuja Sepuka kila Jumamosi. Baba aliacha kwenda mnadani, kisha akaacha kwenda kanisani. Alikaa kibarazani akimwangalia yule kuku akichakura. Chakula nilichomwachia Jumamosi moja nilikikuta Jumamosi nyingine kimeota ukungu. Niliogopa. Nimewahi kuona wazee wakiwafuata wake zao hivyohivyo, kimyakimya, bila ugonjwa.

Mwezi wa saba nikajaribu. "Baba, twende kisiwani."

"Mwenye safari hayupo."

"Kuku yupo."

Nikampigia Derick, nikaweka simu katikati yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huko kisiwani kuku anaingia?"

Derick alicheka akidhani ni utani. "Baba, ile ni hifadhi. Mifugo hairuhusiwi. Halafu utampa nani? Wenyewe hawapo siku nyingi."

"Mama yenu naye hayupo," baba alisema. "Mbona watu bado wanaingia hapa na kuku?"

Nilisikia pikipiki zikipita huko Mwanza.

"Sawa, baba," Derick alisema mwishowe. "Njooni naye. Nitamtafutia mtu wa kumpokea huku, kabla hatujavuka."

"Ijumaa ijayo?" niliuliza harakaharaka.

Baba akainuka. Alichukua tenga la mama, akaenda kumtafuta kuku ili aone kama anaenea. Alirudi na tenga tupu.

"Haiwezekani."

Nikajua basi, imeisha. Lakini alinipungia mkono nimfuate. Jikoni, nyuma ya debe la mtama, kisunzu alikuwa ameatamia. Alitutunishia manyoya.

"Siku mbili simwoni, nikadhani anazurura kwa jirani Alute," baba alisema. "Yule jogoo wa Alute hana adabu kabisa. Nyumba ina msiba, yeye anaingia tu kuposa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu mwezi wa nne. Sikuthubutu kucheka, nisije nikaharibu.

"Kuku anayeatamia hatolewi," aliendelea. "Hata mama yako asingekubali." Alihesabu kwa vidole. "Wiki tatu hizi. Halafu awalee mpaka awaache wenyewe. Mwambie Derick mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi utakwenda, baba?"

"Nani mwingine atambeba? Wewe hujui hata kumshika." Aliligusa debe kwa mguu. "Na hapa vifaranga wataliwa na kicheche. Banda limeoza. Jumamosi njoo na misumari."

Jumamosi nilifika mapema. Kibaraza kilikuwa kitupu, mlango umerudishiwa. Niliita mara mbili. Kisha nikasikia panga likigonga mti nyuma ya nyumba.

Baba alikuwa amesimama karibu na kaburi la mama, jasho linamtoka, fito zimelala miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Misumari ya inchi ngapi?"